Mwalimu, Marekani imetenga dini na serikali au wanatuzuga?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Shuleni tulifundishwa kwamba Marekani haina dini ya taifa na Katiba yao imetenga kanisa na serikali. Lakini nikitazama runinga naona kila rais anaapishwa kwa Biblia, hotuba zinafungwa kwa "Mungu ibariki Marekani", hata noti ya dola ina jina la Mungu. Tena nasikia walokole ndio waliompa Trump ushindi, mtu aliyeoa mara tatu! Je, huo utengano ni maneno matupu? Hao walokole wanamtakia nini? Na sisi huku inatuhusu vipi? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Marahaba. Umeuliza matatu kwa mpigo. Nitayajibu yote, ila la pili litakula nafasi kubwa kwa sababu ndiko yaliko mambo.

Tuanze na Katiba yenyewe. Ilipoandikwa Philadelphia mwaka 1787, ilikataza mtu yeyote kulazimishwa kuwa wa dini fulani ndipo apewe cheo cha serikali kuu. Hiyo ni Ibara ya Sita. Mwaka 1791 yakaongezwa Marekebisho ya Kwanza, na humo mna makatazo mawili yanayokwenda pamoja: Bunge lisitunge sheria ya kuweka dini ya dola, wala lisitunge sheria ya kumzuia mtu kuabudu. Sasa tazama ni nani anayekatazwa. Ni Bunge. Mchungaji hakuambiwa anyamazie siasa, mgombea hakukatazwa kumtaja Mungu jukwaani, na mpiga kura hakuamriwa asahau msikiti au kanisa lake siku ya uchaguzi. Aliyefungwa kamba ni serikali, muumini yuko huru. Ukilishika hilo, nusu ya mshangao wako utakwisha.

Na hao walioshangilia utengano zaidi ya wote walikuwa akina nani? Walikuwa walokole wa zama zile. Wabaptisti wa Danbury, jimbo la Connecticut, walikuwa wachache mbele ya kanisa la Kikongregesheni lililotambuliwa na jimbo, na haki yao ya kuabudu waliiona inahesabiwa kama hisani tu. Wakamwandikia Rais Thomas Jefferson mwaka 1801. Akawajibu tarehe 1 Januari 1802 kwa barua ambayo hadi leo mawakili wanaigombania, akisema watu wa Marekani wamejenga "ukuta wa utengano kati ya Kanisa na Dola".

Siku hiyohiyo, Ijumaa ya mwaka mpya, mchungaji Mbaptisti aitwaye John Leland alifika Ikulu na zawadi kutoka mji wa Cheshire, Massachusetts: jibini moja lenye uzito wa ratili 1,235, sawa na kilo 560 hivi, lililotengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe wa mji mzima. Wabaptisti wa Cheshire walikuwa wanamshukuru rais aliyewatetea. Jumapili iliyofuata, tarehe 3, Leland akahubiri ndani ya ukumbi wa Baraza la Wawakilishi, na miongoni mwa waliokuja kumsikiliza alikuwemo Jefferson mwenyewe. Mtu aliyeandika habari za ukuta siku ya Ijumaa alikaa kwenye ibada ndani ya jengo la Bunge siku ya Jumapili, wala hakuona kwamba amejipinga.

Mikutano kama hiyo ndiyo inayonifanya nisikubali neno "wanatuzuga". Utengano upo, ila haukukusudiwa kuondoa dini hadharani. Ulikusudiwa kuzuia dhehebu moja lisishike rungu la dola na kuwapiga wengine. Na haukuja kwa siku moja, maana Marekebisho ya Kwanza yalilibana Bunge la kitaifa tu. Massachusetts iliendelea kuwa na mfumo wa kodi ya kugharimia makanisa hadi 1833.

Matokeo yake yalikuwa ambayo wengi hawakuyatarajia. Kanisa lisilopata senti ya serikali inabidi litafute waumini wake lenyewe. Wahubiri wa Kimethodisti walipanda farasi wakafuata walowezi porini. Huko Cane Ridge, Kentucky, Agosti 1801, maelfu ya watu walipiga kambi siku kadhaa wakihubiriwa usiku na mchana. Madhehebu yakajifunza kukusanya watu, kuchangisha fedha, kuchapisha magazeti, kuimba nyimbo zinazoshika kichwani. Linganisha na Uingereza: huko mfalme ndiye mkuu wa Kanisa la Anglikana na maaskofu 26 wana viti katika Bunge la Malodi, lakini waziri mkuu akizidisha kumtaja Mungu watu wanamtazama kwa jicho la mashaka. Marekani kanisa halina kiti hata kimoja bungeni, ila lina umati uliokwisha kupangwa, unaokutana kila wiki na kuwaamini viongozi wake. Mwanasiasa gani ataupita umati huo bila kusalimia?

Sasa hizo alama ulizoziona kwenye runinga. Katiba imetoa maneno ya kiapo cha rais, lakini haikutaja Biblia, tena inamruhusu mtu "kuthibitisha" badala ya kuapa, maana wako Wakristo wanaoona kuapa ni dhambi, kama Wakweka, wale wa Kanisa la Marafiki ambao leo wamejaa magharibi mwa Kenya kuliko huko Marekani. Rais Franklin Pierce alithibitisha tu, mwaka 1853. John Quincy Adams aliapa juu ya kitabu cha sheria mwaka 1825. Theodore Roosevelt, alipoapishwa ghafla mwaka 1901 baada ya Rais McKinley kuuawa, hakutumia kitabu chochote. Na hiyo "kila rais" uliyoandika irekebishe kidogo: Januari 2025 mke wa Trump alishika Biblia mbili pembeni yake, lakini mkono wa Trump haukuzigusa. Na mwaka 2007 Keith Ellison wa Minnesota, Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Marekani, alipopiga picha za kiapo aliweka mkono juu ya Kurani iliyokuwa mali ya Jefferson, iliyoazimwa kutoka Maktaba ya Bunge. Kulikuwa na kelele wakati ule, lakini sheria ilikuwa upande wake tangu 1787. Miaka kumi na miwili baadaye, Ilhan Omar, aliyezaliwa Somalia na kukaa utotoni katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya, aliingia Bungeni na hijabu yake. Kanuni iliyokataza kuvaa kofia ukumbini, ya tangu 1837, ilibidi irekebishwe ili kuruhusu mavazi ya dini.

Ama ile "Twamtumaini Mungu" ya kwenye pesa, ilianza kwenye sarafu mwaka 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwaka. Kuwa kauli rasmi ya taifa ni jambo la mwaka 1956, na kwenye noti imeanza mwaka uliofuata. Maneno "chini ya Mungu" katika kiapo cha utii ambacho watoto husema shuleni yaliingizwa 1954. Rais wa siku hizo, Eisenhower, alibatizwa akiwa tayari ni rais, Februari 1953. Mambo haya yote yamesongamana ndani ya miaka michache, na sababu inajulikana: Vita Baridi. Wasovieti walikuwa wanajitangaza kuwa hawana Mungu, basi Marekani ikaona inafaa kutangaza kwamba inaye. Kwa hiyo mengi unayodhani ni urithi wa waasisi ni ya umri wa babu zetu tu.

Tuje kwa walokole. Hapa naomba uwe na subira, kwa sababu hadithi inayosimuliwa mitaani, kwamba walokole wa Marekani waliingia siasa siku Mahakama ya Juu iliporuhusu utoaji mimba, ni fupi mno.

Kesi hiyo ya utoaji mimba, iitwayo Roe, iliamuliwa Januari 1973. Waliokuwa mstari wa mbele kupinga utoaji mimba miaka hiyo walikuwa Wakatoliki. Wabaptisti wa Kusini, ambao ndio dhehebu kubwa kuliko yote ya Kiprotestanti nchini humo, walikutana St. Louis mwaka 1971, na azimio lao likataka sheria iruhusu kutoa mimba katika hali za kubakwa, za mimba iliyopatikana kwa maharimu, za mtoto kuwa na ulemavu mkubwa, na za kulinda afya ya mama, ya mwili hata ya akili. Ndiyo, Wabaptisti haohao. Mwaka 1980 walikuwa wamegeuka kabisa. Katikati hapo kilitokea nini?

Zilitokea shule. Baada ya Mahakama ya Juu kukataza ubaguzi katika shule za umma mwaka 1954, na hasa serikali ilipoanza kusimamia amri hiyo kwa nguvu katika miaka ya 60, wazazi weupe wengi wa Kusini waliwahamishia watoto wao kwenye shule binafsi, nyingi zikiwa za makanisa. Mwaka 1971 mahakama ikaamua kwamba shule binafsi inayobagua kwa rangi haistahili msamaha wa kodi. Chuo Kikuu cha Bob Jones kule Greenville, South Carolina, kilikuwa hakipokei Mtu Mweusi ambaye hajaoa au kuolewa hadi 1975, na baada ya hapo kikaendelea kupiga marufuku uchumba wa wanafunzi wa rangi tofauti. Mamlaka ya kodi ikakifutia msamaha mwaka 1976. Mwaka 1978 ilipopendekeza kuzibana shule nyingine kama hizo, barua za hasira zilimiminika Washington kutoka makanisani. Paul Weyrich, fundi wa siasa za kihafidhina aliyekuwa akihangaika miaka mingi kuwavuta walokole, alisema baadaye kwamba jambo hilo la shule ndilo lililowaamsha. Mwaka 1979 mchungaji Jerry Falwell wa Lynchburg, Virginia, ambaye naye alikuwa na shule, akaanzisha Moral Majority, kikundi cha kuwakusanya walokole kwenye siasa.

Wanahistoria wanabishana juu ya uzito wa habari hii. Wako wanaosema waumini wa kawaida walikwisha anza kukerwa na utoaji mimba, na uamuzi wa 1962 uliokomesha sala za kuongozwa na shule za umma, na harakati za haki za wanawake, bila kusubiri kuitwa na viongozi. Mimi naona yote mawili yalifanya kazi, kila moja mahali pake: kodi ya shule iliwakasirisha viongozi wenye vyuo na majengo, lakini huwezi kumtoa mama mwenye watoto wanne nyumbani akagonge milango ya jirani kwa ajili ya msamaha wa kodi wa chuo. Mimba ilimtoa.

Sasa kuhusu Trump kuoa mara tatu. Jambo hilo si geni kama linavyoonekana. Mwaka 1976 Jimmy Carter alishinda urais akijitangaza wazi kuwa amezaliwa mara ya pili. Alikuwa anafundisha shule ya Jumapili kijijini kwao Plains, Georgia, na aliendelea kufundisha hadi uzeeni. Mke mmoja maisha yote. Miaka minne baadaye akapambana na Ronald Reagan, mwigizaji wa filamu aliyetalikiana na mke wa kwanza, na ambaye akiwa gavana wa California mwaka 1967 alitia saini sheria iliyolegeza masharti ya kutoa mimba. Walokole weupe wengi wakamwacha mwalimu wao wa Jumapili wakaenda kwa Reagan. Agosti 1980, Dallas, akihutubia maelfu ya wachungaji, Reagan aliwaambia: najua ninyi hamwezi kuniidhinisha, lakini nataka mjue kwamba mimi ninawaidhinisha ninyi na hayo mnayoyafanya. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Wachungaji wale walikuwa wametafuta mtu wa kuwapa sera, na maisha yake ya nyumbani wakayaacha kuwa yake.

Kilichofuata ni kazi ya chini kwa chini ambayo runinga haikuonyeshi. Mwaka 1989 mhubiri Pat Robertson alianzisha Christian Coalition, kikundi kingine cha namna hiyo, na chombo chake kikubwa kilikuwa kijikaratasi. Jumapili ya mwisho kabla ya uchaguzi unatoka ibadani, unapewa karatasi mlangoni au unaikuta imebanwa kwenye kioo cha gari. Ina safu mbili, mgombea huyu na mgombea yule, na chini yake masuala: utoaji mimba, sala shuleni, kodi, haki za mashoga. Mbele ya kila suala pameandikwa "anaunga mkono" au "anapinga". Hakuna mahali palipoandikwa "mpigie fulani". Haikuhitajika.

Na kwa nini hawakuandika? Kwa sababu ya sheria ya kodi ya mwaka 1954, iliyopendekezwa na Lyndon Johnson akiwa seneta, inayosema taasisi yenye msamaha wa kodi, kanisa likiwemo, isimpigie debe mgombea. Nikwambie ukweli, sheria hiyo imeogopwa kuliko ilivyotumika. Kisa maarufu ni cha kanisa moja dogo katika jimbo la New York, Pierce Creek, lililolipia tangazo la ukurasa mzima kwenye magazeti mwaka 1992 kuwaonya Wakristo wasimchague Bill Clinton. Likanyang'anywa msamaha wake. Zaidi ya hapo wachungaji weupe na weusi wamesimamisha wagombea madhabahuni miaka yote na ni nadra mtu kuwagusa. Mwaka 2025 mamlaka ya kodi yenyewe iliandika mahakamani Texas kwamba mchungaji akizungumzia wagombea kwa waumini wake ndani ya ibada, hilo halihesabiki kuwa ni kuvunja sheria.

Ukiuliza wanamtakia nini Trump, jibu la mkato ni: majaji. Mei 2016, akiwa bado anashukiwa na walokole wengi, alitoa orodha ya majina ya watu ambao angewachagua kwenda Mahakama ya Juu, jambo ambalo wagombea hawakuwa na mazoea ya kulifanya. Ilikuwa kama fundi kumwonyesha mteja mbao kabla ya kupokea malipo ya kwanza. Watu wale wakampa kura, takriban wanane kwa kila kumi wa walokole weupe, na akawapa majaji watatu: Gorsuch, Kavanaugh na Barrett. Tarehe 24 Juni 2022 Mahakama ikaifuta Roe, wote watatu wakiwa upande wa walioifuta. Mwezi huohuo ikampa ushindi kocha wa shule ya umma jimbo la Washington aliyekuwa akipiga magoti kusali katikati ya uwanja baada ya mechi. Unaweza kuwalaumu kwa unafiki, na wako walokole wa Marekani wanaowalaumu wenzao hivyohivyo, lakini huwezi kusema walipigwa changa la macho. Walijua wanachonunua na walikipata.

Hata hivyo usije ukadhani imani ndiyo inayoamua peke yake. Nenda mtaa wa pili, kanisa la Wabaptisti weusi. Biblia ileile, ubatizo wa maji mengi uleule, mahubiri marefu vilevile, na ukiwauliza juu ya mbingu na jehanamu wengi wao watakujibu sawa na jirani zao weupe. Lakini zaidi ya wanane kati ya kumi huwapigia kura Wademokrati. Tofauti yao imo katika historia. Dhehebu la Wabaptisti wa Kusini lilizaliwa mwaka 1845 kwa sababu lilitaka wamishenari waruhusiwe kumiliki watumwa. Likaomba radhi mwaka 1995. Kanisa la AME, yaani kanisa la Kimethodisti la Watu Weusi, lilizaliwa mwaka 1816 Philadelphia chini ya Richard Allen, aliyewahi kuwa mtumwa, baada ya waumini weusi kuchoka kudhalilishwa ndani ya kanisa la weupe. Abraham Lincoln aliyaona haya alipoapishwa mara ya pili mwaka 1865, akasema pande zote mbili za vita zinasoma Biblia moja na kumwomba Mungu mmoja, na kila upande unamwomba ausaidie dhidi ya mwingine.

Kwa Watu Weusi kanisa lilikuwa jengo pekee walilolimiliki wenyewe. Ndilo lilikuwa shule, benki ya kusaidiana na ukumbi wa mikutano. Seneta wa kwanza mweusi, Hiram Revels wa Mississippi, aliyeingia mwaka 1870, alikuwa mchungaji aliyewekwa wakfu katika AME. Tarehe 5 Desemba 1955, siku nne baada ya Rosa Parks, mwanamke mweusi, kukamatwa kwa kukataa kumpisha mzungu kiti cha basi, maelfu walifurika kanisa la Holt Street mjini Montgomery hadi nje barabarani, na mchungaji mwenye miaka 26, Martin Luther King, akasimama kuwahutubia. Mgomo wa mabasi uliendelea mwaka mzima na zaidi, na ulidumu kwa sababu makanisa yalipanga magari ya kubeba watu kwenda kazini, yakakusanya sadaka za kununua mafuta, yakafanya mikutano ya nyimbo na sala kila wiki ili watu wasikate tamaa. Barua mashuhuri ya King kutoka jela ya Birmingham, Aprili 1963, haikuandikwa kwa magaidi wa Ku Klux Klan. Aliwaandikia viongozi wanane weupe wa dini, waliomshauri awe na subira.

Mkondo huo haujakauka. Raphael Warnock, mchungaji wa Ebenezer kule Atlanta, kanisa la King, ni seneta wa Georgia tangu 2021 na hakuacha mimbari. Majimbo yanayoruhusu kupiga kura Jumapili kabla ya siku yenyewe, makanisa ya weusi hutoka ibadani yakapanda mabasi moja kwa moja hadi kituoni. Warepublikan wa Georgia walipoandaa sheria mpya ya uchaguzi mwaka 2021, rasimu ya awali ilitaka kubana kura za Jumapili, na kila mtu alijua anayelengwa ni nani. Kipengele hicho kikaondolewa baada ya kelele.

Wakatoliki nitawapitia kwa haraka, ingawa wangestahili jibu lao. Mwaka 1928 Al Smith alishindwa urais, na Ukatoliki wake ulikuwa mzigo mkubwa. Mwaka 1960 John Kennedy alilazimika kwenda Houston kuwaahidi wachungaji wa Kiprotestanti kwamba hatapokea amri kutoka Roma. Miaka sitini baadaye Joe Biden, Mkatoliki wa pili kuwa rais, alisakamwa na baadhi ya maaskofu wake kwa kosa la kinyume: kwamba haifuati Roma ya kutosha kwenye suala la mimba. Kura zao hazina mwenyewe. Hugawanyika karibu nusu kwa nusu, zikihama kidogo huku na kule.

Kuna jambo moja ambalo ningependa walokole wetu wanaotamani kuiga siasa za huko walitazame. Gallup, shirika la kupima maoni, walipopima mwaka 1999, Wamarekani 70 kati ya 100 walikuwa waumini waliosajiliwa wa kanisa, sinagogi au msikiti. Mwaka 2020 wakawa 47. Leo karibu watatu kati ya kumi wanasema hawana dini yoyote. Sababu ni nyingi, lakini wako wanasosholojia wanaoonyesha kwamba sehemu ya walioondoka, hasa vijana wenye msimamo wa kati na wa kushoto, waliondoka kwa sababu neno "Mkristo" lilianza kunuka chama. Ndani ya Bunge, hata hivyo, anayesema hadharani hana dini ni wa kutafuta kwa tochi. Wagombea bado wanaona ni salama kuwa Mwislamu, Mhindu au Myahudi kuliko kuwa mtu asiye na Mungu.

Na sisi inatuhusu vipi? Inatuhusu hadi dirisha la dawa la hospitali ya wilaya. Januari 2003 George W. Bush, mlokole aliyeacha pombe akiwa na miaka 40, alitangaza mpango wa dola bilioni 15 wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zilikuwemo katika nchi za mwanzo. Waliomsukuma ni wengi, lakini kura za Warepublikan zisingepatikana bila walokole kubadili moyo. Seneta Jesse Helms wa North Carolina, aliyekuwa kwa miaka mingi adui mkubwa wa fedha za UKIMWI, alitangaza mwaka 2002 kwamba anaona aibu kwa kuchelewa, baada ya kushawishiwa na watu akiwemo mhubiri Franklin Graham. Mkono uleule ulioleta dawa ulileta na masharti: kwa miaka ya mwanzo, theluthi ya fedha za kinga ilitengwa kwa mafundisho ya kujizuia hadi ndoa. Wale tunaokumbuka mabango ya "Nimechill" kule Kenya na ya "subiri" kila kona tunajua hali ya hewa ya wakati ule.

Halafu kuna kanuni inayozuia fedha za afya za Marekani kwenda kwa shirika la nje linalotoa mimba au hata kumwelekeza mwanamke pa kwenda. Reagan aliianzisha mwaka 1984. Clinton aliifuta 1993, Bush akairudisha 2001, Obama akaifuta 2009, Trump akairudisha na kuipanua 2017, Biden akaifuta 2021, Trump akairudisha tena 2025. Kliniki ya uzazi wa mpango hapa Afrika Mashariki inaweza kupoteza mfadhili kwa sababu jimbo la Pennsylvania limebadili mawazo siku ya uchaguzi wa rais.

PEPFAR yenyewe, iliyopitishwa upya na vyama vyote viwili kila miaka mitano, ilikwama Septemba 2023 baada ya vikundi vinavyopinga utoaji mimba kudai kwamba fedha zake zinawafikia watoaji mimba. Aliyeongoza kuikwamisha ni mbunge Chris Smith wa New Jersey, Mkatoliki, ambaye mwaka 2018 ndiye aliyedhamini sheria ya kuiendeleza. Ikaongezewa mwaka mmoja tu, hadi Machi 2025, na kabla muda huo haujaisha serikali mpya ya Trump ikasimamisha misaada ya nje karibu yote. Mwaka 2025 Ikulu ilipotaka Bunge likate dola milioni 400 za PEPFAR, maseneta wa Republican wenyewe ndio waliogoma, na kipengele kikatolewa.

Hata ndugu zetu Wakongomani wanaozungumza Kiswahili leo katika miji ya Kentucky, Ohio na Iowa, wengi walipokewa uwanja wa ndege na mashirika ya makanisa, kwa sababu serikali ya Marekani kwa miaka mingi iliwaachia Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana na Wayahudi sehemu kubwa ya kazi ya kuwapokea wakimbizi, ikiwalipa kwa mkataba. Januari 2025 Trump aliusimamisha mpango huo. Mei, serikali ilipowataka Waanglikana wa Kanisa la Episcopal wawapokee Makaburu weupe kutoka Afrika Kusini huku wakimbizi wengine wakiendelea kukwama makambini, kanisa hilo lilikataa, likasema linausitisha mkataba uliokuwa umedumu karibu miaka arobaini.